Ukimya wa Miaka Ishirini: Katherine Anne Porter na Homa ya 1918

Uhakiki wa fasihi umezoea kumsifu msanii anayeitika upesi wito wa wakati wake. Janga linapoikumba jamii, huulizwa mara moja: waandishi wako wapi? Swali hilo liliulizwa tena mwaka 2020, UVIKO-19 ilipoenea duniani. Hata hivyo, kisa cha Katherine Anne Porter, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa Texas mwaka 1890, chaonyesha kwamba swali lenyewe lina kasoro. Linachanganya kazi mbili zisizo na mwendo mmoja, yaani kutoa ushahidi na kubuni hadithi.

Mwaka 1918 Porter alikuwa mwandishi wa gazeti la Rocky Mountain News mjini Denver. Homa ya mafua, ambayo inakadiriwa kuwaua watu wapatao milioni 50 ulimwenguni, ilimwangusha akawa mahututi. Aliponea chupuchupu; nywele zake zilinyonyoka, zikaota tena zikiwa nyeupe. Baadaye alieleza kuwa ugonjwa huo uliyagawa maisha yake sehemu mbili. Lakini hakuuandikia hadithi papo hapo. Hadithi yake fupi "María Concepción", iliyotoka mwaka 1922, ni ya Meksiko. Riwaya fupi iitwayo Pale Horse, Pale Rider, jina linalotokana na farasi wa kijivujivu wa Kitabu cha Ufunuo, ilichapishwa jaridani mwaka 1938 na kitabuni mwaka 1939.

Kimaudhui, riwaya hiyo haisimulii maradhi peke yake. Miranda, mwandishi wa gazeti, anampenda Adam, kijana askari mwenye afya tele anayengoja kupelekwa vitani. Wauza hati za mkopo wa vita wanamtisha Miranda kwa sababu hajanunua. Maziko yanapita barabarani, na wapita njia wanayatazama kwa muda mfupi tu. Miranda anaugua, Adam anamuuguza. Kisha anayekufa ni Adam, tena si kwa risasi bali kwa homa. Miranda anarudiwa na uhai huku mji ukishangilia amani, naye hana wa kushangilia naye.

Kifani, nguvu ya kazi hii imo katika ndoto. Hadithi yaanza kwa ndoto ya mbio za farasi, na msomaji hakawii kutambua kwamba mgeni anayekwenda sambamba na Miranda ni Mauti. Kadiri homa inavyopanda, ndivyo mpaka baina ya ndoto na kukesha unavyofutika. Katika kuweweseka kwake Miranda anamwona daktari wake, mwenye jina la Kijerumani, kuwa ni askari adui anayetia sumu kisimani. Hapo ndipo subira ya miaka ishirini inapoleta faida. Mwaka 1918 uvumi kama huo ulisambazwa kana kwamba ni habari. Mwaka 1938 Porter aliweza kuuonyesha kama ugonjwa wa pili uliokwisha kuingia akilini kabla ya ule wa kwanza kuingia mwilini.

Kazi hii haikosi upungufu. Janga linatazamwa kutoka kitanda kimoja tu. Wauguzi wanapita kama vivuli, na maskini wa mji hawaonekani. Anayetaka kujua Denver iliishije wakati huo hana budi kutafuta kwingine.

Ndiyo maana ushahidi wa papo kwa papo una heshima yake. Mwandishi wa riwaya Fang Fang, aliyefungiwa mjini Wuhan, aliandika kumbukumbu 60 za kila siku kuanzia tarehe 25 Januari hadi 24 Machi 2020. Hakubuni wahusika, alisajili chakula, hali ya hewa, vifo vya watu aliowafahamu, na kuwadai wenye madaraka wawajibike. Kumlaumu kwamba hakutoa riwaya ni kosa lile lile la kumlaumu Porter kwamba alinyamaza.

Suala hili lawahusu pia wasomi wa Kongo. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, ikafika Ituri, na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, iliua watu zaidi ya 2,200 katika eneo ambamo Kiswahili ni lugha ya mawasiliano ya wengi. Kuidai riwaya ya maafa hayo kwa haraka si haki. Lakini kuisubiri mikono mitupu si busara pia. Porter aliweza kungoja kwa sababu alipona, na kumbukumbu ikapona pamoja naye. Wengi wa Beni na Butembo hawakupata nafasi hiyo. Masimulizi ya wauguzi, ya wafiwa na ya waliopona yangepaswa kusajiliwa sasa, katika Kiswahili kile kile kilichosemwa vitandani na makaburini, yahifadhiwe vyuoni. Mbunifu atakayeyahitaji huenda bado yuko shule ya msingi.