Namna Mabasi Yalivyopishana Yungas

Barabara ya zamani ya Yungas, itokayo La Paz, Bolivia, kwenda Coroico, ilichongwa kwenye kuta za milima ya Andes miaka ya 1930, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ilifanywa na mateka wa Paraguay waliokamatwa katika Vita vya Chaco. Upande mmoja ni mwamba, wa pili ni korongo la mamia ya mita, na katikati ni njia ya udongo yenye upana wa kama mita tatu hivi, ambayo kwa sehemu kubwa haikuwa na vizuizi vya pembeni. Mwaka 1995 Benki ya Maendeleo ya Amerika (IDB) iliitaja kuwa barabara hatari kuliko zote duniani. Hata hivyo, kwa takribani miaka 70 mabasi yaliyosheheni watu na mizigo yalipita humo, tena kwenda na kurudi. Wengi husifu ujasiri wa madereva. Kwa maoni yangu, ujasiri ulichangia kidogo. Kazi kubwa ilifanywa na taratibu chache zilizopangwa kwa akili.

Utaratibu wa kwanza ni upande wa kupita. Bolivia magari hupita kulia, na usukani uko kushoto. Ukiingia Yungas, unahamia kushoto. Anayeshuka ana mlima kulia kwake na korongo kushoto, kwa hiyo dereva ameketi upande uleule wa ukingo. Anatoa kichwa dirishani na kuona kwa macho yake tairi la nje limebakiza ardhi kiasi gani. Kama ingefuatwa sheria ya kawaida, basi linalopanda ndilo lingekaa ukingoni, na dereva wake, akiwa upande wa pili, angelazimika kukisia tairi asiloliona.

Wa pili: anayepanda ana haki ya njia. Basi lililobeba mzigo likisimama kwenye mlima wenye tope, kuling'oa tena ni shida. Klachi inaungua, matairi yanateleza. Hivyo wakikutana, anayeshuka ndiye anayerudi kinyumenyume hadi penye upana, kisha anasogea ukingoni ili mwenzake apite akiambaa na mwamba. Hapo utingo anashuka, anasimama nyuma mahali dereva anapoweza kumwona, na kumwongoza kwa mkono. Kwenye kona zisizoonekana walisimama watu waliojitolea, wenye vibao vya kijani na vyekundu, wakimwonyesha dereva kama kuna gari linakuja. Malipo yao yalikuwa chochote walichopewa na wapitaji.

Kona zenyewe zina hesabu yake. Gari refu likikunja, matairi ya nyuma hayafuati alama za matairi ya mbele. Hukata kona kwa ndani. Pale njia inapozunguka kichwa cha bonde, ambako mara nyingi maporomoko ya maji humwagikia barabarani, basi linaloshuka hukunja kushoto, na ndani ya kona hiyo ni korongo. Maana yake tairi la nyuma la kushoto linasogea kwenye utupu hata kama la mbele liko salama. Dawa yake ni kuambaa na mlima kwanza, kuchelewa kukata usukani, na kutoiacha sait-mira ya kushoto hata kidogo. Ukiongeza ukungu unaoletwa na hewa yenye unyevu kutoka bonde la Amazon, utaelewa kwa nini mwendo ulikuwa wa kujikongoja.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, halionekani kwa macho: joto. Kutoka kilele cha La Cumbre, mita 4,650 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Yolosa chini ya Coroico, basi hushuka zaidi ya mita 3,400 katika kilomita kama 64. Basi la tani 10 likishuka kimo hicho lina nishati ya kutosha kuchemsha maji yaliyojaa mapipa matano ya lita 200. Nishati hiyo lazima iende mahali. Dereva akikanyaga breki muda wote, itaishia kwenye ngoma na viatu vya breki, ambavyo vitapata moto na kuacha kushika. Ndiyo maana mzoefu huingiza gia ndogo tangu kileleni, injini ikazuia mwendo, na breki akaziweka akiba.

Taratibu hizo zilikuwa na kasoro moja: hazikuacha nafasi ya kukosea. Julai 1983 basi moja lilitumbukia korongoni na kuua zaidi ya watu 100, idadi inayozidi viti vya basi lolote la kawaida. Hakuna utaratibu wa kona unaoweza kufidia mzigo uliopita kiasi. Suluhisho la kweli lilikuja kufikia mwisho wa 2006, ilipokamilika barabara mpya ya lami yenye njia mbili, madaraja na mahandaki. Leo ile ya zamani hutumiwa zaidi na watalii wa baiskeli.

Lakini fizikia ya mteremko ni ileile kila nchi. Ukipanda basi la milimani, sikiliza injini. Ikiunguruma kwa gia ndogo tangu juu, dereva anajua kazi yake. Ikinyamaza huku basi likizidi kasi, ameachia fri, yaani ametoa gia. Msemeshe mapema, kabla breki hazijaanza kunuka.