Arsenio Rodríguez: Mjenzi wa Bendi na Urithi wa Ngoma

Watu wanapousifu muziki wa dansi, aghalabu humsifu mwimbaji. Sauti yake ndiyo inayokumbukwa, na maneno yake ndiyo yanayorudiwa njiani asubuhi yake. Kiongozi wa bendi, yule aliyeamua tarumbeta ziingie wapi, ngoma inyamaze wapi na kiitikio kirudiwe mara ngapi, husahaulika upesi. Katika makala haya tunakusudia kumwangalia kiongozi mmoja wa namna hiyo, Arsenio Rodríguez wa Kuba. Tutapima kazi yake kwa fani na kwa maudhui, kisha tuone ina funzo gani kwetu sisi tunaoshughulika na utamaduni wa taifa.

Arsenio alizaliwa mwaka 1911 katika mkoa wa Matanzas, nchi ya mashamba ya miwa. Watumwa wa Kuba walikuwa wameachwa huru mwaka 1886, yaani miaka 25 tu kabla ya kuzaliwa kwake, na ukoo wake ulikuwa wa asili ya Kongo. Angali mtoto mdogo alipigwa teke na mnyama, akapofuka macho yote mawili. Nyumbani kwao alijifunza ngoma, nyimbo za ibada na maneno ya Kikongo yaliyosalia midomoni mwa wazee. Baadaye akashika tres, gita dogo la Kuba lenye jozi tatu za nyuzi, akawa bingwa wake.

Yafaa tukumbuke hali ya utamaduni wa Kuba katika zama hizo. Nchi ilikuwa na bendera yake, lakini wakubwa wake wengi waliona haya kwa kila kilichonuka Afrika. Mjini Havana maandamano ya ngoma za watu weusi yalipigwa marufuku kwa miaka mingi, yakaruhusiwa tena mwaka 1937. Mtindo wa son, uliozaliwa kwa kuoana gita la Kihispania na mapigo ya Kiafrika, ulikuwa umekwisha kubalika katika kumbi za dansi. Hata hivyo ulipokelewa baada ya kupunguzwa makali. Ngoma ndogo za bongo ziliruhusiwa, lakini tumba, ile ngoma ndefu ipigwayo kwa viganja, ilihesabiwa kuwa kitu cha uani na mitaani.

Hapo ndipo kazi ya Arsenio inapoanza kuwa kubwa. Kundi la son la wakati ule lilikuwa na watu sita au saba: tres, gita, besi, bongo, manyanga, vijiti vya kugonganisha, na pengine tarumbeta moja. Mnamo mwaka 1940 Arsenio aliunda kundi la namna nyingine. Aliongeza piano, akaongeza tarumbeta ya pili na baadaye ya tatu, na juu ya yote akaiingiza tumba. Msomaji aangalie kwa makini: hakuitoa ngoma ili kuipisha piano, wala hakuikataa piano ili kuilinda ngoma. Aliviweka vyote viwili ndani ya nyumba moja, na nguzo ya nyumba hiyo ikawa ngoma.

Katika fani hii kila chombo hupewa sehemu fupi yenye mapengo, na pengo la chombo kimoja huzibwa na kingine. Besi huacha pigo ambalo sikio lililitazamia, tumba hulijibu, tres na piano hupita katikati. Ni kama ukili unaosukwa: mwaa mmoja peke yake si kitu, lakini ukipita juu na chini ya mingine hupatikana mkeka. Mwendo wake ni wa taratibu, wala hauna haraka ya kumfurahisha msikilizaji. Wimbo unapofika sehemu ya mwisho iitwayo montuno, kiitikio hurudiwa, mwimbaji hutunga papo hapo, na tarumbeta hupanda moja juu ya nyingine hadi ukumbi mzima usimame. Upeo huo Arsenio aliuita diablo, yaani shetani. Haya yote aliyapanga mtu asiyeona, kwa sikio na kumbukumbu.

Tukija kwenye maudhui, tuna mifano miwili ya kuzingatia. Wa kwanza ni wimbo uitwao Bruca Maniguá, aliotunga akiwa kijana na ambao ulirekodiwa mwaka 1937 na bendi ya Casino de la Playa. Anayesema ndani yake ni mtumwa Mwafrika. Lugha yake ni Kihispania cha watumwa kilichochanganywa na maneno ya Kikongo, na ujumbe wake ni kwamba maisha bila uhuru hayawezekani. Bendi iliyourekodi ilikuwa karibu yote ya watu weupe, na wenye mali waliucheza wakistarehe. Hapa twaiona nguvu ya sanaa ya mnyonge: hupita mlango wa mbele ikiwa imevaa nguo za dansi, na ujumbe wake uko ndani ya nguo hizo.

Mfano wa pili ni La Vida Es un Sueño. Mwaka 1947 Arsenio alikwenda New York kuonana na mganga bingwa wa macho, akaambiwa kwamba hataona tena. Kutokana na habari hiyo akatunga wimbo wa huzuni, usemao kwamba maisha ni ndoto. Mhakiki mkali anaweza kusema kwamba wimbo wa kwanza unajenga jamii na wa pili unavunja moyo. Sisi hatukubaliani na hukumu hiyo. Taifa si bendera na gwaride peke yake. Ni watu pia, na watu hulia. Anayedai kwamba msanii wa umma asiimbe msiba wake anamtaka awe kipaza sauti, asiwe mtu. Kijana aliyeimba kiu ya uhuru ya mababu zake alikuwa na haki, alipokuwa mtu mzima, ya kuimba giza lake mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alihamia New York, na kundi lake la Havana akamwachia mpiga tarumbeta wake, Félix Chappottín. Wakati huo mtindo wa mambo ulikuwa umeshika dunia, na sifa nyingi zilikwenda kwa Pérez Prado, Mkuba aliyefanya kazi Meksiko. Arsenio alishikilia kwamba asili yake ilikuwa kwake, na wengine waliwataja ndugu wawili López, ambao tangu mwaka 1938 walikuwa na kipande chenye jina hilo. Sisi hatuoni faida ya kumtafutia mzazi mmoja mtoto aliyelelewa na mtaa mzima. Linalotuuma ni jambo jingine. Huko ugenini wachezaji walipenda mwendo wa kasi, naye hakukubali kuuharakisha muziki wake. Akafa Los Angeles mwishoni mwa mwaka 1970, bila mali na bila umaarufu uliomstahili. Miaka michache baadaye muundo wa bendi yake ulikuwa umeenea New York kwa jina la salsa. Johnny Pacheco alikuwa ameufuata katika kundi lake, na Larry Harlow akatoa sahani nzima ya kumkumbuka. Nyumba ilijaa wapangaji baada ya fundi kuzikwa.

Habari hii haiko mbali nasi. Tangu miaka ya 1930 sahani za Kikuba zenye alama ya GV ziliuzwa Afrika, zikasikilizwa Kongo na Afrika ya Mashariki. Wanamuziki wa Kongo walizitambua kama mtu atambuavyo sura ya ndugu aliyepotea, na sehemu ya sebene katika muziki wao ni jirani wa montuno. Hapa kwetu Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba, lakini akaimba kwa Kiswahili mambo ya watu wake. Ngoma iliyochukuliwa kwa minyororo ilirudi kwa santuri.

Wazee wetu walisema, mwacha asili ni mtumwa. Maisha ya Arsenio yanaunga mkono usemi huo, na yanaongeza jambo: asili haihifadhiwi kwa kufungiwa kabatini. Yeye aliihifadhi tumba kwa kuipa kazi katika bendi mpya, mbele ya watu walioidharau. Asingeongeza tarumbeta na piano, huenda ingebaki uani. Na kama angeziongeza huku akiiacha tumba nje, angekuwa mwigaji tu.

Basi tunawaomba walimu, wanapofundisha fasihi simulizi na muziki, wasiishie kwenye maneno ya wimbo. Wawaulize wanafunzi nani aliupanga, chombo gani kinajibu kipi, na kwa nini. Tena wawatume katika miji na vijiji vyao wakaandike majina ya viongozi wa bendi na vikundi vya ngoma, pamoja na wapigaji wao, wakati ambapo wenyewe au waliowajua wangali hai. Fundi akitajwa jina, kazi yake husomeka; asipotajwa, wanaokuja hudhani kwamba nyumba ilijijenga.