Mwali, ulimi na halijoto: uhakiki wa istilahi za moto

Hoja kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kufundishia fizikia husikika mara kwa mara katika vyuo vikuu vya Kongo, ambako sayansi hufundishwa kwa Kifaransa. Upimaji wa halijoto ya moto kwa njia ya spektroskopia unaonyesha kwamba kasoro si uhaba wa maneno, bali ni ulegevu katika kuyatumia.

Mbinu inayohusika ilielezwa na Mfaransa Charles Féry mwaka 1903. Chumvi kidogo hutiwa katika ulimi wa moto ili sodiamu itoe mistari yake miwili ya njano, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 589.0 na 589.6. Nyuma yake huwekwa taa yenye uzi wa tangsteni, ambayo mwanga wake hupenya moto hadi kwenye spektroskopu. Uzi ukiuzidi moto kwa halijoto, mistari huonekana myeusi. Ukizidiwa, huonekana iking'aa. Mkondo wa umeme hurekebishwa mpaka mistari itoweke. Hapo halijoto ya moto hulingana na ile ya mng'ao wa uzi, inayosomwa kwa pirometa.

Anayeeleza jambo hili kwa neno "mwali" hutumbukia katika utata, kwani neno hilo hubeba maana ya ulimi wa moto na pia ya mshale wa nuru. "Mwali wa taa hupita katika mwali" ni sentensi isiyofundisha kitu. Hudaiwa kwamba muktadha huondoa utata. Naam, huuondoa kwa anayejua tayari. Mwanafunzi ndiye asiyejua. Dawa imo ndani ya lugha yenyewe: "ulimi" ubaki kwa moto, "mwali" kwa nuru.

Kosa la kutumia "joto" mahali pa "halijoto" ni zito zaidi. Mistari inapotoweka, moto na uzi havikulingana kwa kiasi cha joto, bali kwa halijoto tu. Pasipo tofauti hiyo, tokeo la jaribio hupotoshwa.

Hata neno "rangi" lataka uangalifu. Njano ya mshumaa hutokana na chembe za masizi zinazowaka. Buluu ya moto wa gesi hutokana hasa na vipande vya molekuli kama CH na C₂. Rangi pekee, basi, si kipimo.

Istilahi haikamiliki kwa kuorodheshwa kamusini. Hukamilika inapomwezesha mwanafunzi kulirudia jaribio bila kupotea.