Maswali ya Kiingereza na Majibu Tuliyo Nayo

Mwalimu wa Kiswahili katika nchi zetu hawezi kuyakwepa maswali ya Kiingereza. Aghalabu ndiye huyo huyo afundishaye lugha zote mbili. Na hata asipofundisha, wanafunzi humwendea kwa kuwa humhesabu mjuzi wa lugha. Humwuliza: kwa nini "the book which I read it" ni kosa? Kwa nini hatusemi "borrow me your pen"? Mwalimu hufungua kitabu cha mwongozo, akasoma kanuni, akairudia darasani kama alivyoikuta. Katika makala haya tunakusudia kuvipima vitabu hivyo: vinajibu nini, vinanyamaza wapi, na sisi tuna wajibu gani pale vinaponyamaza.

Kitabu mashuhuri cha mapema ni kile cha H. W. Fowler, "A Dictionary of Modern English Usage", kilichotoka mwaka 1926. Fowler alikuwa akisema na Waingereza wenzake. Alijadili, kwa mfano, kama yafaa kutia neno kati ya "to" na kitenzi chake, au kuimaliza sentensi kwa kihusishi. Hayo ni maswali ya mtu aliyekwisha kuijua lugha na sasa anatafuta adabu ya uandishi. Kumpa kitabu hicho mwanafunzi anayeanza ni kumfundisha kupaka chokaa nyumba ambayo hajaijenga.

Baadaye vilitokea vitabu vilivyomjali mgeni wa lugha. Mwaka 1980 Michael Swan alitoa "Practical English Usage", na mwaka 1985 Raymond Murphy akatoa "English Grammar in Use". Murphy aliweka maelezo ukurasa wa kushoto na mazoezi ukurasa wa kulia, hata mwanafunzi asiye na mwalimu akaweza kujisomea. Swan aliyapanga maswali kwa alfabeti, ingawa toleo la mwaka 2016 limeipanga sarufi kwa mada. Mifano yao ni mifupi na lugha yao haina majivuno. Sifa hiyo hatuwanyimi.

Lakini vitabu hivi vimeandikwa kwa wanafunzi wa dunia nzima, na kitabu cha watu wote hakiwezi kumjua mtu mmoja mmoja. Vinajua jibu lililo sahihi. Havimwonyeshi mwanafunzi wetu kosa lake limetoka wapi. Na mtu asiyejua chanzo cha kosa hulirudia.

Tutazame swali la kwanza. Mswahili husema "kitabu nilichokisoma". Ndani ya kitenzi hicho mna "-cho-" ya urejeshi, na mna "-ki-" ya mtendwa. Mwanafunzi asemaye "the book which I read it" ameileta "-ki-" yake salama usalimini mpaka Kiingereza, akaigeuza "it". Vivyo hivyo asemaye "my teacher he says" ameibeba "a-" ya "anasema". Hakuwa mzembe, alitii sarufi, ila sarufi ya lugha nyingine. Mwalimu akimwonyesha kiambishi hicho ubaoni na kumwambia kwamba Kiingereza hakikihitaji, atakuwa amemjibu kuliko kurasa kumi za mazoezi.

Tuje kwenye "-me-". Vitabu husema kwamba "has" pamoja na kitenzi huunganisha jambo lililopita na wakati uliopo. Mwanafunzi husikia hayo, akaona ni "-me-" hasa, akaandika "the child has slept" kwa maana ya "mtoto amelala". Lakini sisi tusemapo mtoto amelala, mara nyingi tunataka watu wapunguze sauti, maana yumo usingizini. Kiingereza hapo hutaka "is asleep". Ndivyo ilivyo kwa "amesimama mlangoni" na "amevaa kanzu". Tena "amefika jana" haituchomi masikioni, ilhali Kiingereza sanifu hukataa "has arrived" ikiandamana na "yesterday". Hapana budi kutenga "-me-" ya hali na "-me-" ya tendo lililotimia. Na kazi hiyo ni ya anayekijua Kiswahili.

Katika msamiati mambo ni hayo hayo. Kwetu "kuazima" huenda pande mbili: naazima kwako, nawe waniazima. Kiingereza kina "borrow" kwa apokeaye na "lend" kwa atoaye. Badala ya kumkaririsha, tumkumbushe mwanafunzi "kukopa" na "kukopesha". Hapo atatambua kwamba tofauti hiyo anayo tayari kinywani. Naye asemaye "I hear cold" amefuata "nasikia baridi", kwa kuwa kusikia kwetu si kwa masikio peke yake.

Hata "a" na "the", zinazowachosha wengi, zina mlango katika lugha yetu. "Nimeona kitabu" yakaribia "a book". "Nimekiona kitabu" yakaribia "the book". Daraja hili lina mwisho wake, kwani kwa watu husema "nimemwona mtu" hata awe mtu asiyejulikana. Hata hivyo linavusha hatua ya kwanza.

Haki itendeke: Swan mwenyewe aliliona jambo hili. Mwaka 1987 yeye na Bernard Smith walihariri "Learner English", kitabu kinachoeleza makosa ya wanafunzi kwa kufuata lugha zao, na sura moja inahusu wasemaji wa Kiswahili. Lakini kitabu hicho kimeandikiwa mwalimu. Mwanafunzi hubaki na kanuni tupu mkononi, mpaka mwalimu wake ajitwishe kazi ya kumfikishia maarifa hayo.

Wala tusizidishe chumvi. Si kila kosa limetoka kwetu. Asemaye "goed" amepotezwa na Kiingereza chenyewe, na watoto wa Kiingereza nao hupotea hapo. "Information" haina wingi kwa sababu tu Waingereza hawakuipa. Wafaransa wana wingi wa neno hilo hilo. Palipo na desturi tupu, tuseme wazi kwamba ni desturi, mwanafunzi aishike kichwani bila kutafuta hekima isiyokuwapo.

Jambo hili si la mzaha. Mwaka 2008 Rwanda iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia mahali pa Kifaransa. Nchini Uganda Kiingereza ndicho lugha ya mitihani. Mtoto achekwaye kwa "he" aliyomwitia mama yake huacha kuinua mkono, na akiacha katika Kiingereza huacha na katika hesabu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini kicheko cha darasani humfundisha kinyume.

Kwa hiyo twapendekeza kila mwalimu awe na daftari la safu tatu: kosa kama lilivyosemwa, sentensi ya Kiswahili au ya lugha ya nyumbani iliyo nyuma yake, na namna Kiingereza kisemavyo. Madaftari hayo yakikusanywa na chama chetu, tutapata mwongozo ambao Fowler, Swan na Murphy hawakuweza kutuandikia.