Granby Hupwa ili Grand Lake Litulie

Mpiga kambi anayefika Grand County, Colorado, katikati ya kiangazi hukuta maji ya namna mbili, yakitenganishwa na mwendo wa dakika chache tu kwa gari. Juu kuna Grand Lake na bwawa la Shadow Mountain lililounganishwa nalo. Huko ukingo umetulia: nyasi zinagusa maji, magati ya mbao yako palepale yalipokuwa mwaka jana, na jiwe lililolowa nusu leo litakuwa limelowa nusu kesho. Chini yake kuna bwawa la Granby, na huko ukingo unahama. Mwaka wa theluji nyingi maji hufika karibu na mizizi ya misonobari. Mwaka wa ukame, kati ya hema na maji kuna uwanja mpana wa mawe, visiki na tope lililokauka juu tu.

Wengi wanaopiga kambi hapa huilaumu hali ya hewa. Theluji ina sehemu yake, lakini tofauti ya kingo hizi mbili ilipangwa na watu mwaka 1937, na ndiyo inayoamua nani ataosha sahani zake karibu na hema na nani atabeba ndoo mwendo mrefu.

Milima ya Rocky huigawa Colorado pande mbili. Theluji nyingi huangukia magharibi, nayo ikiyeyuka huteremkia mto Colorado. Mashamba na miji mingi iko mashariki, kwenye mvua haba. Ukame wa miaka ya 1930 ulipowabana wakulima wa bonde la South Platte, walidai maji ya ng'ambo ya mlima, na mwaka 1937 serikali ya Marekani iliuidhinisha mradi wa Colorado-Big Thompson chini ya Bureau of Reclamation, idara yake ya mabwawa na umwagiliaji. Kiini cha mradi ni handaki la Alva B. Adams, lenye urefu wa kilomita 21 na kipenyo cha karibu mita tatu. Lilichimbwa kutoka pande zote mbili kuanzia 1940, wachimbaji wakakutana ndani ya mlima 1944, na maji yakapita kwa mara ya kwanza Juni 1947. Linapita chini ya Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, iliyoanzishwa 1915, na midomo yake yote miwili iliwekwa nje ya mipaka ya hifadhi. Anayetembea juu yake na shanta mgongoni haoni dalili yoyote kwamba kuna mto chini ya miguu yake. Maji hayo leo hunywewa Fort Collins, Loveland, Boulder na Greeley, na familia za Kiafrika zilizohamia Greeley, miongoni mwao wasemaji wa Kiswahili, hupikia theluji ya huku, pengine bila kujua.

Mdomo wa magharibi wa handaki uko Grand Lake, na ugumu wa kazi ulianzia hapo. Grand Lake lilichimbwa na barafu ya kale. Ndilo ziwa kubwa kuliko maziwa yote ya asili ya Colorado, mita 2,550 juu ya usawa wa bahari. Kabla ya mradi tayari lilikuwa limezungukwa na nyumba za mapumziko na mashua za tanga. Wahandisi walihitaji mahali pa kuweka maji ya Mei na Juni ili yatumike mwaka mzima. Kama wangelitumia ziwa lenyewe kama tangi, wakilipandisha na kulishusha, wangeuharibu ukingo ambao watu walikuwa wakiufuata huko miaka yote. Waraka Na. 80 wa Seneti, ulioweka masharti ya mradi, ulilizuia jambo hilo: maji ya Grand Lake na Shadow Mountain yasipande wala kushuka zaidi ya futi moja, yaani takriban sentimita 30.

Kwa hiyo tangi likajengwa chini. Ukuta wa Shadow Mountain ulikamilika 1946, ukayainua maji ya mto hadi usawa uleule wa Grand Lake, na mfereji mfupi ukayaunganisha hayo mawili, kiasi kwamba boti hupita kutoka moja hadi jingine. Mbele zaidi, ukuta wa udongo wa Granby, wenye kimo cha mita 91, ulikamilika 1950. Bwawa hilo likijaa hubeba karibu mita za ujazo milioni 666. Mwaka 1951 zikaanza kazi pampu ambazo sasa zinaitwa Farr. Zinayanyanyua maji ya Granby hadi kwenye mfereji wa kuelekea Shadow Mountain. Yakifika huko hutiririka yenyewe hadi Grand Lake, kisha yanaingia handakini. Mto uliokuwa ukitoka ziwani tangu zama za barafu sasa, pampu zikinguruma, unaingia ziwani.

Nao umeme wa pampu? Kwa miongo mingi ulipita kwenye kebo iliyoning'inizwa ndani ya handaki lenyewe. Maji yalikwenda mashariki, yakaanguka zaidi ya mita 800 kwa hatua kupitia mitambo ya kuzalisha umeme, na sehemu ya umeme huo ikarudi magharibi kwa njia ileile kuyapandisha maji mengine. Katika mradi wote, kipande hiki ndicho ninachokiheshimu kuliko vingine.

Granby likijaa, usawa wake ni mita 2,524, na pampu huwa na kazi ya kuyapandisha maji mita 27 hivi. Likipungua hadi mwisho wa akiba inayoweza kutumika, pampu hunyanyua maji karibu mita 57. Nafasi iliyo kati ya tarakimu hizo mbili, mita 30 hivi, ndiyo bei iliyolipwa ili Grand Lake lisitikisike kwa zaidi ya futi moja. Mtu wa pwani ataielewa Granby haraka: ni maji yanayojaa na kupwa, ila bamvua lake huja mara moja kwa mwaka, kati ya mwishoni mwa Juni na Julai, na miaka mingine haliji kabisa.

Kwa mpiga kambi, idadi ya mita wima si habari kamili. Kinachomhusu ni mteremko wa ardhi. Ukisimama mahali ambapo ukingo unashuka mita moja kwa kila mita kumi za mwendo, maji yakipungua mita tatu yatakuwa yamekuacha mita 30. Ghuba bapa inayoshuka mita moja kwa kila mita 50 itakuacha mita 150, kwa upungufu uleule. Ndiyo maana watu wawili waliopiga kambi Granby wiki moja wanaweza kusimulia mabwawa mawili tofauti. Kadiri unavyokaribia ukuta mkuu, ambako bonde la kale la mto lina kina kirefu, ndivyo maji yanavyokaa karibu nawe; kadiri unavyopanda kwenye mikono ya bwawa inakoingia mito, ndivyo yanavyokukimbia. Ardhi iliyoachwa na maji nayo ina hila. Juu imepasuka vipande vikavu vyenye kingo zilizojikunja, na inamchukua mtu mzima hatua kumi za kwanza bila tatizo. Chini ya gamba hilo kuna matope laini ya kijivu. Mtoto akikimbilia maji huzama hadi magotini, na gari likiingia, magurudumu huzunguka bila kusonga.

Viwanja vya kambi vinavyozunguka maji haya viko ndani ya Arapaho National Recreation Area, eneo lililotengwa na Bunge la Marekani mwaka 1978 na kusimamiwa na idara ya misitu. Stillwater, kilicho kando ya barabara kuu upande wa magharibi wa Granby, ni kikubwa kuliko vyote na rahisi kufikika, na mwenye boti atakipenda. Sunset Point kiko karibu na ukuta. Green Ridge kiko mwisho wa kusini wa Shadow Mountain, kwenye maji yasiyohama. Mwenye watoto wadogo apeleke hema lake huko, asifikiri mara mbili. Arapaho Bay kiko ndani kabisa, mwisho wa mkono wa mashariki wa Granby, baada ya mwendo mrefu wa barabara ya changarawe. Kwa mteremko wake, hapo ndipo maji huondoka mapema. Hata hivyo ndipo ningemtuma mtu anayetaka milima kwanza na maji baadaye, kwa sababu njia ya miguu inayopita Monarch Lake kuingia pori la Indian Peaks huanzia jirani.

Ukingo uliotulia nao una gharama yake, na si ndogo. Shadow Mountain ni bwawa la kina kifupi, wastani wake ni mita nne hivi. Jua la kiangazi huyapasha joto maji yake hadi chini, magugu na mwani huota, na pampu zikifanya kazi shehena hiyo yote husukumwa Grand Lake. Usafi wa ziwa hupimwa kwa sahani iliyofungwa kamba, ikishushwa taratibu hadi macho yasiione tena. Mwaka 1941, kabla ya mradi kuanza kusukuma maji, sahani hiyo ilionekana hadi mita 9.2. Baada ya hapo ziwa halikurudi kwenye hali hiyo. Baada ya mabishano ya miaka mingi, mwaka 2016 mamlaka ya maji ya Colorado iliweka lengo la kiangazi, kuanzia Julai hadi katikati ya Septemba: wastani wa mita 3.8, na isipungue mita 2.5. Waendeshaji wa mradi sasa hupanga saa na miezi ya kusukuma maji wakilitazama lengo hilo. Ni hatua ya maana, lakini kwangu bado ni ndogo. Waliouandika waraka wa 1937 waliulinda usawa wa ziwa wakasahau uangavu wake.

Kuna jambo jingine ambalo ramani ya zamani haitakwambia. Kuanzia miaka ya 1990 mbawakawa wa misonobari waliua misonobari katika maelfu kwa maelfu ya hekta za Colorado, na Grand County iliumia mapema na vibaya. Miti iliyokufa ikatishia kuangukia mahema, ikakatwa. Viwanja vilivyokuwa na kivuli vikabaki na visiki na miche inayofika kiunoni. Matokeo yake kwa mpiga kambi ni upepo. Granby ina nafasi pana ya maji, karibu hekta 2,900, na upepo wa alasiri ukipita juu yake hukutana na hema bila kizuizi. Geuza upande mwembamba wa hema uelekee upepo, funga kamba zote hata kama anga ni jeupe asubuhi, na boti iwe imerudi kabla ya mchana. Julai na Agosti radi hupiga karibu kila alasiri, na katikati ya bwawa mtu ndiye kitu kirefu kuliko vyote.

Miti iliyokufa ilikuwa pia kuni. Oktoba 2020 moto wa East Troublesome ulianza magharibi ya hapa, na tarehe 21, kwa siku moja, uliteketeza zaidi ya hekta 30,000 ukielekea Grand Lake, kisha cheche zikaruka hata ule mgongo wa milima unaogawa maji. Ulikuja kufikia zaidi ya hekta 78,000. Watu wawili walifariki na zaidi ya nyumba 300 zikateketea. Wakazi wa mji wa Grand Lake walihama kwa barabara moja inayoshuka kando ya Shadow Mountain na Granby. Anayepiga kambi hapa aijue barabara hiyo kabla giza halijaingia, na amri ya kuzuia mioto ikitangazwa aitii, hata kama jirani yake amewasha.

Usiku nao una mambo yake. Hewa baridi ni nzito, huteremka mlimani na kutuama bondeni, kwa hiyo hema lililo mita chache juu ya sakafu ya bonde hulala vizuri kuliko lile lililo chini kabisa. Umande unaweza kuganda hata Julai. Jikoni, maji huchemka kwenye nyuzi 91 au 92 badala ya 100. Maharage makavu yaliyolowekwa usiku kucha bado yatakaa jikoni saa nyingi na kubaki na kiini kigumu, na gesi itaisha. Beba sufuria ya presha, au beba dengu. Chakula chote, pamoja na dawa ya meno, kifungiwe ndani ya kasha la chuma au gari, kwa ajili ya dubu weusi.

Kuhusu ukingo wa Granby, mabadiliko yako njiani. Tangu 1985 mradi wa Windy Gap, chini kidogo kwenye mto Colorado, umekuwa ukisukuma maji yake hadi Granby kusubiri zamu ya handaki, lakini Granby likijaa maji hayo hukosa pa kukaa, na miaka ya theluji nyingi ndiyo miaka linapojaa. Mwaka 2021 ulianza ujenzi wa bwawa la Chimney Hollow, upande wa mashariki karibu na Loveland, ili kuyapokea maji hayo: kama mita za ujazo milioni 111. Sehemu ya maji yaliyokuwa yakingoja Granby yataanza kungojea ng'ambo ya mlima. Kwa hiyo anayepanga safari ya Agosti asitegemee picha za miaka iliyopita. Usawa wa Granby hutangazwa kila siku: aulinganishe na mita 2,524, kisha achague kati ya Stillwater, Arapaho Bay na Green Ridge.