Yaya wa Daktari

Katika riwaya za mapenzi ya hospitali za Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908, kuna kisa kinachorudi: daktari mwenye mtoto asiye na mama huajiri yaya, mwisho humwoa. Huzisoma hapa Wesha kwa furaha, ila naona zina kasoro. Mwaka 1847 Charlotte Brontë alimwandika Jane Eyre, mwalimu wa mtoto nyumbani kwa tajiri Rochester. Jane alipogundua kuwa bwana ana mke, aliondoka. Alirudi kuolewa akiwa na urithi wake. Yaya wa daktari je, akikataa posa, atalala wapi usiku ule? Wanafunzi wangu waliopata kuwa mayaya mjini wangeliuliza hilo kwanza.