Kongole kwa Waonja Chai wa Mombasa

Wapo wanaodhani kununua chai katika mnada wa Mombasa ni kubonyeza kompyuta tu. Kweli, tangu 2020 zabuni hutolewa mtandaoni na zile kelele za ukumbini zimekwisha. Lakini bei bado huanzia mdomoni.

Mtazame mwanagenzi katika chumba cha kuonjea. Mbele yake kuna safu ndefu ya chai zilizopikwa, kila moja na majani yake makavu pembeni. Anachota kijiko, anaivuta kwa mfyonzo wa nguvu (nyumbani angekaripiwa), anaizungusha ulimini, anaitema, anasogea. Mkubwa wake anaonja ile ile, kisha anamuuliza: "Ungeinunua kwa ngapi?" Akisema "ni nzuri", hajajibu kitu. Ataje dola na senti kwa kilo, na aeleze ni ya mteja gani, maana anachokitaka mnunuzi wa Pakistani huenda wa Uingereza asikitake.

Mnada huu ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa 1969. Hapo huuzwa chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na kwingineko, hivyo kijana hujifunza nusu ya Afrika kwa ulimi. Wanaofika mbali, kwa maoni yangu, si wasemaji hodari. Ni wale wanaoandika kila walichokadiria na kukilinganisha na bei iliyotoka mnadani.

Hongera zao. Nawe unayekwenda kuanza mafunzo hayo, manukato na sigara viache nyumbani.